Wanaopinga wabaki kwenye kamati

Mwandishi, umeeleza vizuri jinsi kiongozi anavyopaswa kuvumilia lawama, ila mimi naona kuvumilia hakutoshi. Lawama ichunguzwe. Sisi wa Mwanza tuna mfano wa karibu, Bujora pale Kisesa, barabara ya Musoma. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliacha kanisa la mviringo lenye alama za utemi wa Kisukuma, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikashindana kwenye Bulabo, sherehe inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi. Kazi hiyo aliianza miaka ya 1950, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Kwa Mkristo aliyefundishwa kwamba ngoma ni upagani, na wengi walifundishwa hivyo, jambo hilo lilikuwa zito, na alikuwa na haki ya kuuliza: mpaka uko wapi?

Swali kama hilo kiongozi asilikimbie. Kigangoni kwetu mzee mmoja alipinga kinanda. Mwenyekiti hakumwita mkaidi, alimfuata nyumbani. Kumbe kilichomuuma ni kwamba kwaya mpya iliacha nyimbo za Kisukuma, na bibi zetu wakawa wanakaa kimya misa nzima. Nyimbo zimerudi, kinanda kimebaki. Mzee bado hakipendi na anasema wazi. Nawaomba viongozi wetu, kuanzia Igoma hadi Sengerema, wasiwaondoe watu wa namna hiyo kwenye kamati.