Vakansi kando ya ziwa: tulale wapi na watoto?

Shule zikifunga mwezi wa saba, watoto wetu wa Mabanga huwa na wimbo mmoja: tutaenda lini kwenye ziwa? Hatuwalaumu, huku kwetu ni mawe meusi na vumbi. Vikundi vingi vimeanza kuweka pesa ya likelemba pembeni kwa siku mbili za mapumziko. Sasa linabaki swali: tulale wapi?

Mwaka jana tulichagua kwa bei tu. Tulipata nyumba rahisi, chini kabisa kwenye kishimo karibu na maji. Watoto wakalala kwenye magodoro sakafuni. Usiku mwenzetu alitoka mlango wa nyuma, akashuka ngazi mbili, akaweka mshumaa chini. Ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena, na hakukuwa na upepo. Bibi mmoja kati yetu akapaza sauti: "Mazuku! Toeni watoto!" Tuliwabeba mpaka juu barabarani, wengine wakilia kichwa kinawauma. Asubuhi tulikuta kuku wawili wa jirani wamekufa pale chini. Watoto wetu walipona, tunamshukuru Mungu.

Mazuku ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano. Haina rangi, haionekani. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya mashimoni na mabondeni, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna jua wala upepo. Ndiyo maana mtoto mfupi, au anayelala chini, hupatwa kabla ya mtu mzima.

Basi kabla ya kulipa hata franga moja, tufanye hivi:

Twende kuona mahali mchana, tuulize majirani, si mwenye nyumba peke yake: je, hapa kuna mazuku? Mbuzi au kuku wamewahi kufa?

Tuchague nyumba iliyo juu, yenye madirisha ya kupitisha hewa. Watoto walale kitandani.

Tukiona majani yamekauka kwenye shimo, au wanyama waliokufa, tuondoke. Na mtu akianguka humo, tusimkimbilie kwa pupa. Wengi hufa wakiokoa. Tuite msaada.

Kwa wenye pesa kidogo, kuna njia nyingine: kuvuka Petite Barrière asubuhi, kwenda Gisenyi ambako kuna mchanga mzuri wa kuchezea, kisha kurudi kulala nyumbani. Tuulize mapema karatasi zinazohitajika kwa watoto, tusirudishwe mpakani.

Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, lakini lina kina kirefu. Mama mmoja abaki akiangalia watoto tu, bila simu mkononi, wengine wakipika, kisha wapokezane.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kilete jina la mahali kilipolala salama. Tutaandika orodha yetu wenyewe. Bei nafuu ni nzuri, lakini tunataka kurudi na watoto wote tuliokwenda nao.