Arusha haina bahari, lakini meli za watalii zinaihusu

Katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 30 duniani walisafiri katika meli za starehe, yaani meli ambazo hazimpeleki abiria mahali anakokwenda, bali humzungusha baharini na kumrudisha alikotoka. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliisimamisha biashara hiyo, na wako waliodhani kuwa haitainuka tena. Dhana hiyo haikudumu. Mwaka 2023 abiria walikuwa milioni 31.7, na mwaka 2024 wakazidi milioni 34.

Mtumishi wa serikali aliyeko Arusha, mamia ya kilometa kutoka pwani, anaweza kuzisoma takwimu hizo na kuona kuwa ni habari za watu wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Fikra hiyo hapana budi isahihishwe. Meli ya starehe ni kioo cha biashara nzima ya utalii, na mji unaoishi kwa utalii unapaswa kujitazama ndani yake.

Hapo zamani meli kubwa za abiria zilikuwa chombo cha safari. Meli za makampuni kama Union-Castle na British India zilitia nanga Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam zikiwa zimebeba maofisa wa kikoloni, walowezi na wafanyabiashara. Ndege za jeti zilipoenea katika miaka ya 1960, abiria hao walizihama meli. Ndipo yakazuka makampuni ya aina mpya, ambayo makao yake ya biashara yalikuwa Miami, Marekani: Norwegian mwaka 1966, Royal Caribbean mwaka 1968 na Carnival mwaka 1972. Makampuni hayo hayakuuza safari. Yaliiuza meli yenyewe, pamoja na vitanda, vyakula, vinywaji, ngoma na kamari yake.

Soko nalo likabadilika. Starehe iliyokuwa ya matajiri wachache wazee ikashushwa bei hadi ikamfikia mfanyakazi wa kawaida wa Marekani pamoja na mkewe na watoto. Ili bei ishuke, meli ilipaswa kuwa kubwa zaidi. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000 kwa safari moja. Huo si ukubwa wa chombo tena, bali ni ukubwa wa mji mdogo unaoelea.

Mji huo una wenyewe. Sehemu kubwa ya biashara hii imo mikononi mwa makampuni machache tu. Meli zao nyingi hupeperusha bendera za Bahamas, Panama au Liberia, nchi ambazo sheria zake za kodi na kazi ni nyepesi kwa mwenye mali. Mabaharia na watumishi wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India. Abiria hulipa kabla ya kuondoka kwao, hula na kulala melini, na matembezi ya nchi kavu huuziwa humo humo. Bandari huachiwa saa chache na fedha za vinyago. Hata saa hizo chache zinapunguzwa: mwaka 2019 Royal Caribbean ilifungua upya kisiwa chake cha CocoCay katika Bahamas, ambako abiria huteremka melini na kuendelea kutumia fedha katika mali ya kampuni ile ile.

Mwambao wa Afrika Mashariki ulisahauliwa kwa muda na meli hizo kwa sababu ya uharamia. Mwaka 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit karibu na Somalia, na mwaka 2009 wakaishambulia MSC Melody katika Bahari ya Hindi. Uharamia ulipopungua, meli zilianza kurejea. Mwaka 2024 Norwegian Dawn, inayochukua abiria zaidi ya 2,000, ilitia nanga Dar es Salaam. Bandari ya Tanga, ambako meli kubwa zilikuwa zikisimama mbali na gati na shehena kushushwa kwa matishari, imechimbwa kina na kuongezwa magati. Aidha, reli ya kutoka Tanga, iliyofika Arusha mwaka 1929, ilifufuliwa hadi Arusha mwaka 2020. Hivyo basi, njia kati ya bahari na Mlima Meru ipo.

Lakini swali kubwa haliko baharini. Swali ni kama safari za mbugani zinazoanzia Arusha hazijawa nazo meli za nchi kavu. Mtalii hulipa katika nchi yake, hushuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, huingizwa garini, hupelekwa hotelini, huonyeshwa Ngorongoro na Serengeti, kisha hurudishwa uwanjani. Amepita Arusha bila kuiona. Hajui bei ya ndizi Tengeru, wala hajazungumza na mwalimu yeyote.

Jambo hili si geni. Mwaka 1970 wasomi na wananchi walijadiliana vikali katika gazeti la The Standard mjini Dar es Salaam kuhusu utalii na ujenzi wa ujamaa, na hoja zao zikachapishwa katika kitabu alichokihariri Issa Shivji mwaka 1973. Yaliyofuata yaliwathibitishia wengi hatari iliyokuwapo. Watalii wengi wa Serengeti walikuwa wakiingilia Nairobi. Mpaka ulipofungwa Februari 1977, soko hilo lilikatika, na hoteli za kaskazini zikaadhibika mpaka mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983. Uwanja wa Kilimanjaro ulikuwapo tangu 1971, lakini uwanja peke yake hauleti ndege. Mwenye soko ndiye aliyeamua mgeni apite wapi.

Korona nayo ilifundisha somo lile lile. Wageni walioingia Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa kama 620,000 tu. Mwaka 2024 walizidi milioni 2.1. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, kuhesabu vichwa ni hesabu ya mwenye meli. Hesabu ya mwenye nchi ni kujua mgeni alikaa siku ngapi, alikula chakula cha shamba gani, na alimlipa nani.

Si haki kudai kwamba utalii wote wa Arusha ni mrija. Ada za hifadhi huingia katika mfuko wa taifa. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 iliwatengea raia kazi kama kuongoza watalii na kuwapandisha milimani. Tena Mlima Meru wenyewe, wenye mita zaidi ya 4,560, unatoa mfano ulio kinyume cha meli. Anayeupanda kutoka lango la Momella huenda kwa miguu siku tatu au nne, hulala Miriakamba na kwenye kambi ya juu, na huhitaji askari wa hifadhi, mpagazi na mpishi. Mlimani fedha hutembea kwa mwendo wa binadamu, nayo hupita katika mikono mingi.

Mambo matatu, basi, yafaa kuzingatiwa. Kwanza, maofisa wa biashara, kilimo na ushirika washirikiane ili nyanya za Ngarenanyuki na mboga za Tengeru zifike mezani kwa wageni kwa mikataba ya kudumu, si kwa bahati ya siku.

Pili, meli zikija, masharti yatangulie nanga: matembezi yafanywe na makampuni ya wananchi, na mgeni anayeletwa kaskazini alale, asipitishwe tu. Kuweka masharti si uadui kwa wageni. Mwaka 2021 Italia iliziondoa meli kubwa katika njia za maji zilizo katikati ya Venice, na watalii hawakukoma kwenda Venice.

Tatu, walimu wana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwongoza watalii anayejua majina ya wanyama peke yake ni sehemu ya gari. Anayejua kuwa mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi, na kuwa mwaka 1952 Kirilo Japhet aliipeleka kesi ya ardhi yao Umoja wa Mataifa huko New York, huyo ni mwenyeji. Elimu hiyo huanzia darasani.

Azimio lililobeba jina la Arusha mwaka 1967 liliwatahadharisha wananchi wasijenge maendeleo yao juu ya fedha za wengine. Mgeni akaribishwe kwa heshima zote, lakini apokelewe na mwenye nyumba, na nyumba isigeuzwe kuwa gati la kupitia.