Wahudumu wa afya: Tunahesabu vichwa, tunasahau mtaji

Mfanyabiashara wa Busia au Malaba akitaka kujua mtaji wake hasomi risiti peke yake. Huingia ghalani akaangalia magunia yaliyofika, yaliyolowa njiani na yanayouzika. Katika sekta ya afya, nchi zetu bado zinasoma risiti.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaja nchi 57, Uganda ikiwemo, zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kipimo kilikuwa madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 23 kwa kila watu 10,000. Mwaka 2016 kipimo kilipandishwa hadi 44.5. Takwimu hizo zina umuhimu wake, lakini zinahesabu vichwa tu.

Mwaka huo huo wa 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa ziara za kushtukiza. Hapa Uganda, asilimia 37 ya wahudumu wa afya hawakukutwa kazini. Kwa walimu ilikuwa asilimia 27, kwa hiyo mimi mwalimu siwanyoshei wauguzi kidole. Funzo ni kwamba jina lililo kwenye orodha ya mishahara halimzalishi mama mjamzito usiku wa manane.

Ipo njia iliyo bora. WHO ina mbinu iitwayo WISN, ambayo Uganda imewahi kuitumia. Hukadiria muda unaohitajika kwa kila kazi, kama kuzalisha au kuchanja, kisha hulinganisha idadi ya wagonjwa na saa ambazo mhudumu anaweza kufanya kazi kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, kituo chenye foleni hakiwezi kupangiwa watu sawa na kituo kisicho na wagonjwa.

Hata hivyo, mbinu hiyo nayo haioni ujuzi ulioko nje ya ajira. Mimi nilisoma Kenya wazazi wangu wakiwa uhamishoni, na hapa Bukoto nakutana na wenzangu waliorudi. Yupo muuguzi aliyesomea ng'ambo ya mpaka ambaye leo anauza vocha za simu, akisubiri cheti chake kitambuliwe. Katika takwimu za taifa, mama huyu ni sifuri.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuliana vyeti vya elimu na taaluma. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Mchele na vitenge vinavuka mpaka kila siku. Kwa nini ujuzi wa mkunga ukwame?

Mabaraza ya taaluma yawafanyie mtihani waliorudi, wa maandishi na wa vitendo, na majibu yatoke kwa muda uliotajwa. Atakayefaulu asajiliwe, aliyepungukiwa aambiwe asome nini. Hapo ndipo tutajua mtaji tulio nao kabla ya kulalamika kwamba hatuna.