Watoto 11 waliopewa kazi ya kuamua

Mtoto akiuliza, "Mama, bibi atapona?" wazazi wengi hubadili mazungumzo. Ataambiwa akacheze nje, au akamalizie kazi ya shule. Nia ni njema, kwani hakuna mzazi anayetaka mwanawe aumie. Lakini mtoto huyo ameshaona macho mekundu ya mama yake, na minong'ono ya usiku ameisikia.

Je, mtoto anaweza kubeba habari nzito? Mzazi anayejiuliza hivyo ana la kujifunza kutoka Berlin, Ujerumani.

Kila mwaka jiji hilo huandaa tamasha la kimataifa la filamu, Berlinale, lililoanza mwaka 1951. Tuzo yake kubwa ni Dubu wa Dhahabu. Ndani ya tamasha hilo kuna sehemu ya filamu za watoto na vijana, iitwayo Generation, ambayo tuzo yake ni Dubu wa Kioo. Waamuzi wa filamu za watoto ni watoto wenyewe: 11 kwa idadi, wenye umri wa miaka 11 hadi 14. Hutazama filamu zote zinazoshindanishwa, kisha hukaa pamoja, hubishana na kuchagua. Uamuzi ni wao.

Mwaka 2018 watoto hao waliletewa filamu kutoka Kenya, Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usioponyeka. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili siku zake zilizobaki azimalizie nyumbani. Jo anapenda sana filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ndoto yake ni kuwa mmoja wao.

Hapo ndipo mvutano unapoanza. Mama anataka Jo atulie ndani apumzike. Dada yake, Mwix, anaona mdogo wake anahitaji kuishi, acheke na kucheza. Anawashawishi wanakijiji wajifanye kwamba Jo kweli ana nguvu hizo, na mwishowe kijiji kizima kinashirikiana kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake.

Watu wazima wengi wangesita kumwonyesha mtoto kisa cha mtoto mwenzake anayekaribia kufa. Waamuzi wale hawakukikwepa. Dubu wa Kioo walimpa Les rois mongols, filamu ya Kanada, lakini Supa Modo wakaipa heshima ya kutajwa rasmi mbele ya wote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ndani ya nyumba, kilio hicho mara nyingi humkuta mtoto hajaandaliwa, na maswali yake hayana wa kumjibu.

Mzazi anaweza kuanza na hatua ndogo. Kwanza, filamu ikiwa na jambo zito, chagua inayolingana na umri wa mtoto, kisha keti naye mwangalie pamoja. Usimwachie simu ukaenda jikoni.

Pili, filamu ikiisha, uliza kabla ya kufundisha. "Umependa wapi?" "Ungekuwa wewe dada yake, ungefanyaje?" Mpe nafasi amalize, hata kama anazunguka. Akinyamaza, usimlazimishe. Huenda akarudi na swali lake kesho mkiwa njiani kwenda shule.

Tatu, ugonjwa ukiingia nyumbani kweli, tumia maneno ya wazi yanayolingana na umri wake. "Bibi anaumwa sana, madaktari wanajitahidi, na sisi tuna huzuni" ni sentensi ambayo mtoto wa miaka sita anaielewa. Lakini ukimwambia marehemu "amelala", usishangae akianza kuogopa kwenda kulala.

Mzazi akikosa jibu, si aibu kusema, "Hata mimi sijui, mwanangu." Mtoto anayejibiwa hivyo hujua kuwa maswali yake yanaruhusiwa, na kesho atarudi tena kuuliza.

Kule Berlin, waandaaji waliwapa watoto viti na muda, wakasikiliza walichoamua. Nyumbani inatosha mkeka mmoja na nusu saa baada ya chakula cha jioni.