Saa Iliyoandikwa Kwenye Bango



Mwezi wa Juni unapoingia, Lubumbashi hubadili mavazi. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na katika miezi ya kipupwe anga huwa tupu, halina wingu la kuzuia joto la mchana lisipotee. Jua la saa nane hutudanganya. Ifikapo saa tatu ya usiku ardhi imekwisha kupoa, na katika usiku wa Julai kipimo cha joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana akina mama wa Katuba na Ruashi huwasha mbabula mapema, na walinzi wa malango hujifunika mablanketi hadi masikioni.

Majira hayohayo ndiyo majira ya matamasha ya muziki. Mvua haipo, sikukuu ya Uhuru ya Juni 30 hukusanya watu, nazo shule hufungwa mwanzoni mwa Julai. Hakuna mwandaaji mwenye akili atakayejenga jukwaa uwanjani mwezi wa Januari, chini ya radi. Kwa hiyo vijana wetu huenda kusimama nje usiku wa baridi ili kumsikiliza mwimbaji wanayempenda, na wazee wengi wakisikia hivyo hutikisa kichwa: wengine huulaumu muziki, wengine huulaumu ujana. Mimi nina neno tofauti. Kinachowaumiza wapenzi wa muziki katika usiku wa kipupwe si muziki, wala si baridi yenyewe. Ni kungojeshwa.

Tuanze na haki ya furaha. Aliyewahi kusimama katika umati wa namna hiyo anajua kwamba furaha yake ni ya kweli. Watu wasiojuana hugawana kitenge kimoja mabegani. Hupiga makofi, kwanza ili kupasha mikono moto, kisha kwa sababu ngoma imeanza. Pumzi zao huonekana kama moshi mbele ya taa za jukwaa, na wimbo ambao kila mmoja aliusikia peke yake katika simu huimbwa kwa sauti ya maelfu. Kitu hicho hakipatikani chumbani. Kijana anayekitafuta hatafuti uovu, anatafuta wenzake.

Lakini tutazame saa. Bango limesema saa kumi na mbili ya jioni. Kijana aliyeliamini amefika saa kumi na moja, jua lingali linawaka, amevaa fulana nyepesi. Saa mbili bado vyombo vinajaribiwa. Saa nne mshereheshaji anaomba makofi kwa ajili ya mtu ambaye hajatoka hotelini. Huenda ikawa saa tano au sita ndipo mwimbaji apande. Tujiulize: ni nani anayelipa gharama ya saa hizo? Mwenye gari hujifungia ndani ya gari lake. Mwenye tiketi ya bei kubwa huketi chini ya hema. Aliyetembea kwa miguu kutoka Kenya au Kampemba, ambaye tiketi yake ni akiba ya majuma kadhaa, ndiye anayesimama juu ya udongo uliopoa. Tena anayeadhibiwa zaidi ni yule aliyekuja mapema kwa sababu aliheshimu neno lililoandikwa. Aliyelidharau amefika usiku akiwa na koti zito.

Kungoja katika baridi hubadili umati. Watu husukumana kwenda mbele, kwa maana katikati ya miili ndiko kuliko na joto. Wengine hununua lutuku wakidhani watapata moto. Mwalimu yeyote wa sayansi atawaambia kwamba pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi: mnywaji husikia joto usoni, kumbe joto la ndani ya mwili ndilo linalokimbilia nje. Anapoa zaidi ya mwenzake asiyekunywa, wala hajui.

Kuna na wenzetu ambao kwao baridi si usumbufu tu. Katika nchi yetu hukadiriwa kwamba watoto wapatao 2 kati ya kila 100 wanaozaliwa wana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita SS. Baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na viungo ambayo humpeleka mgonjwa hospitalini. Kijana wa namna hiyo anaweza kujifunika vizuri na kufurahia tamasha la saa mbili. Saa sita za kusimama usiku ni jambo jingine kabisa, na hakuna aliyemwambia mapema ili achague.

Muziki wa rock wa Marekani na Uingereza ndio ulioizoesha dunia kukusanya malaki ya watu katika uwanja wazi, kwa hiyo historia yake yaweza kutufunza. Desemba 6, 1969, watu wapatao 300,000 walikusanyika Altamont, katika jimbo la California, kulisikiliza bure kundi la Rolling Stones. Mahali palibadilishwa siku chache tu kabla. Ulinzi wa jukwaa ulikabidhiwa kwa kundi la waendesha pikipiki, Hells Angels, waliolipwa kwa bia. Siku nzima palikuwa na ulevi na mapigano. Jioni ilipofika, wanamuziki wakuu walikawia hadi giza lilipoingia, huku baridi ikiongezeka na watu wakiwasha mioto ya takataka ili kujipasha. Usiku huo kijana wa miaka 18, Meredith Hunter, aliyekuwa amechomoa bastola, alichomwa kisu akafa mbele ya jukwaa wakati muziki ukiendelea. Sisemi kwamba ucheleweshaji ndio uliomwua. Nasema kwamba umati uliochoka na kuganda huingia gizani ukiwa na subira kidogo, na aliyeuweka katika hali hiyo hawezi kunawa mikono.

Sisi pia tuna misiba yetu. Oktoba 29, 2022, kule Kinshasa, watu 11 walipoteza maisha katika msongamano wa tamasha la Fally Ipupa kwenye Stade des Martyrs. Julai 27, 2024, katika uwanja uleule, watu wasiopungua 7 walikufa kwenye tamasha la nyimbo za Injili la Mike Kalambay. Baridi ya Katanga haikuwako. Lakini misiba hiyo miwili inawajibu wale wanaodhani kwamba hatari imo katika aina ya wimbo. Umati ni umati, hata wimbo ukiwa mtakatifu, nao unahitaji malango ya kutosha, njia za kutokea na watu wa kuulinda. Kuuongezea saa tano za baridi na giza ni kuchezea maisha ya watu.

Nitaambiwa: «Watu wetu wenyewe huchelewa, mwandaaji akianza kwa saa atauimbia uwanja mtupu.» Ni kweli kwamba watu huchelewa. Huchelewa kwa sababu wamefundishwa, tamasha baada ya tamasha, kwamba saa ya bango ni uongo. Duara hilo haliwezi kukatwa na mnunuzi wa tiketi, kwa kuwa yeye hana uwezo wowote isipokuwa kungoja. Litakatwa na yule aliyeshika fedha na kipaza sauti. Akianza kwa saa mara tatu, mara ya nne uwanja utajaa mapema.

Tena hakuna sheria inayosema kwamba muziki lazima uwe wa usiku. Majirani zetu wa Zambia, katika miji ya migodi kama Kitwe, waliunda miaka ya 1970 muziki wao wa rock, ambao leo unaitwa Zamrock. Kundi la WITCH na mwimbaji wake Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari, bado linajulikana. Uwanda wao ni wetu, na baridi yao ya Juni ni yetu. Vita vya Rhodesia vilipoleta amri za kutotoka nje na kuzima taa usiku, wanamuziki walihamishia maonyesho mchana. Kwao ilikuwa dhiki ya kulazimishwa. Kwetu inaweza kuwa busara ya kuchagua: kuanza saa nane jua likiwaka, kumaliza saa moja, na kila mtu kufika kwao wakati basi bado zipo.

Wakati tukidai hayo, tuna wajibu sisi kwa sisi. Msiende mmoja mmoja. Nendeni kikundi, mrudi kikundi. Chukueni koti hata kama jua linawaka, na maji ya kunywa. Patanani mahali pa kukutana mkipotezana, mtazame malango kabla giza halijaingia. Mjue ni nani kati yenu ana SS, na akisema amechoka, wawili waondoke naye bila kunung'unika. Mkifika nyumbani mmeganda, msiingize mbabula katika chumba kilichofungwa: hewa ya makaa haina harufu, nayo huua waliolala.

Mwisho, tuanzie kwetu. Vikundi vyetu pia huandaa jioni za nyimbo na michezo ya kuigiza, na mabango yetu nayo huandika saa ambayo hakuna anayeiamini. Safari ijayo tuanze kwa dakika iliyoandikwa, hata kama wamekaa watu ishirini tu na mgeni rasmi yuko njiani. Hao ishirini ndio waliotuamini. Tukiwatendea haki hao, tutakuwa na uso wa kuwadai wenye majukwaa makubwa wafanye vivyo hivyo.