Kuungua si Kuteketea

Juma lililopita alinijia mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, kutaka ushauri. Huko Miasenyi, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kuna nyumba iliyoshika moto. Paa limeporomoka, kuta zimesimama, na mwenyewe anaiuza kwa bei ya chini. Mwalimu amekusudia kuchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, ainunue, aikarabati na kuipangisha. "Kuta si zipo, Mwalimu?" aliniuliza.

Tamaa yake si ya kipuuzi. Tangu reli mpya ilipozinduliwa mwaka 2017 na Miasenyi kupata kituo chake, wengi wanatazamia kwamba mji huo mdogo utakua. Ila wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Mimi si mjenzi. Kazi yangu ni lugha. Lakini lugha yetu imekwisha kutupa kipimo. Mswahili hutenga kuungua na kuteketea. Kilichoungua huenda kikawa na uzima ndani yake. Kilichoteketea kimekwisha, hata kama umbo lake lingali mbele ya macho. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi hana budi kujua nyumba yake imo katika kitenzi kipi.

Tuanze na kuta. Nyumba nyingi za upande wetu wa Pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe. Je, wazee wetu walipataje chokaa? Waliyapanga matumbawe juu ya kuni na kuyachoma. Basi moto mkali uliokaa muda mrefu ndani ya nyumba waweza kuanza kazi ile ile ya tanuri: uso wa jiwe ukageuka chokaa, na mvua ya kwanza ikaufanya umumunyuke. Zege nayo ina dalili zake. Aghalabu hugeuka rangi ya waridi inapopita nyuzi 300 za Selsiasi, na kuanzia hapo nguvu zake hupungua. Nondo zilizomo ndani, zikifika karibu nyuzi 600, hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake wakati wa moto. Mabati yaliyosalia yasikuhadae: zinki inayoyakinga na kutu huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Nyaya za umeme zilizopitiwa na joto ni za kutupwa. Ajabu ni kwamba boriti nene ya mbao ngumu huweza kuwa salama kuliko chuma, kwa kuwa makaa ya nje huukinga moyo wake. Yote haya hayapimwi kwa kugonga ukuta kwa ngumi. Hupimwa na mhandisi aliyesajiliwa, na ada yake ni ndogo kuliko hasara ya ukuta ulioanguka juu ya mpangaji.

Pili ni hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Iwapo kiwanja kitupu cha jirani kinauzwa kwa shilingi 350,000, na gofu linauzwa kwa 800,000, basi kuta zile zinanunuliwa kwa shilingi 450,000. Mhandisi akiamuru zibomolewe, mnunuzi atakuwa amenunua kifusi, kisha alipe tena wa kukibeba. Kwa hiyo bei ya haki huanzia kwenye thamani ya kiwanja kitupu ukiondoa gharama ya kubomoa. Kinachookoka humo ndicho kinachoongeza bei. Tena Miasenyi ni nchi kavu. Zege na lipu hunywa maji mengi, na asiyeyatia maji katika bajeti yake atakwama katikati ya kazi.

Wala tusisahau muda. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, yaliteketea Machi 2010, nayo hayakuondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini hadi mwaka 2023. Kasubi ilikuwa na ufalme mzima nyuma yake. Mwalimu ana hati ya mshahara tu, na makato ya mkopo hayangoji paa liezekwe.

Tatu ni karatasi. Moto huchoma hati pamoja na viti. Mnunuzi na afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, asitosheke na nakala wala maneno ya jirani. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi yahitajika. Ikiwa nyumba ni ya wanandoa, sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inadai ridhaa ya wote wawili. Na ikiwa mwenye nyumba amefariki, hakuna mrithi awezaye kuiuza kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, hata akilia machozi ya damu.

Nimetaja machozi kwa makusudi. Aliyeunguliwa na nyumba mara nyingi huuza kwa sababu ana watoto wanaolala kwa watu. Kupunguza bei kwa sababu ukuta umepasuka ni biashara; kuipunguza kwa sababu mwenzako hana pa kulala ni kuchuma katika msiba. Anayefundisha watoto wa kijiji hicho hicho atayabeba macho yao darasani kila asubuhi.

Nilimwambia mwanafunzi wangu asikimbie nyumba ile, wala asiikimbilie. Aende na mhandisi, aende kwenye ofisi ya ardhi, kisha aketi na mwenye nyumba na mkewe, wasemezane bei wasiyoionea haya. Akikuta imeungua, ainunue na kuijenga. Akikuta imeteketea, anunue kiwanja, na akiite kiwanja.