Sahihi ya baba kwenye pango la Ujerumani

FOMU ilifika Izia saa tatu usiku kwa WhatsApp: kurasa mbili za Kijerumani na mbili za Kiingereza. Binti wa miaka 21, aliyetoka Sumbawanga kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, alikuwa amepata nyumba ya kupanga. Kilichobaki ni sahihi ya baba yake.

“Shikamoo baba. Mwenye nyumba anasema usaini hapo chini, nimpelekee kesho asubuhi.”

Baba yule si mgeni wa kudhamini watu. Amewahi kusaini kwenye VICOBA, amesaini fomu za chuo za mtoto wa kaka yake. Lakini safari hii kabla ya kushika kalamu alipitisha maneno ya Kijerumani kwenye programu ya kutafsiri ya simu, nayo ikamjibu kwamba yeye ni “mdhamini mwenye hatia mwenyewe.”

“Hatia ya nini tena?” mama akauliza kutoka jikoni. “Mtoto kafanya nini huko?”

Mtoto hakufanya kitu. Kijerumani kina neno moja, Schuld, linalobeba deni na hatia kwa pamoja, na simu ilichagua lisilohusika. Ila tafsiri ya Kiingereza iliyoambatanishwa haikuwa na msaada mkubwa zaidi. Iliandika tu “guarantor”, na familia nzima ikasoma mdhamini, yule wa siku zote.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mdhamini wa kikundi mtaani anajua utaratibu: mkopaji anafuatwa kwanza, anabembelezwa, anaitiwa kikao, na akishindwa kabisa ndipo wadhamini wanaguswa. Sheria ya Ujerumani nayo inampa mdhamini wa kawaida haki ya kumwambia mdai, nenda kwanza ukamalizane na mdaiwa. Neno lililokuwa kwenye fomu, selbstschuldnerisch, linamnyang'anya haki hiyo. Anakuwa mdaiwa sawa na mpangaji. Kodi ikichelewa mwezi mmoja, mwenye nyumba anaweza kumdai baba aliyeko Izia bila hata kumgusa binti. Neno moja refu, ambalo kwa Kiingereza cha wanasheria lingehitaji sentensi nzima, lilikuwa limefupishwa kana kwamba halina uzito.

Na mkataba wenyewe ulisema kwenye mstari wa mwisho kwamba maandishi ya Kijerumani ndiyo yanayofuatwa, ya Kiingereza ni ya kumsaidia mpangaji kuelewa. Msaada wa aina hiyo unahitaji kuchunguzwa.

Basi usiku ule baba na binti wakaupitia mkataba wote kwa simu, kifungu kwa kifungu. Cha kwanza kuwachekesha kilikuwa kodi. Kijerumani kiliandika Kaltmiete, Kiingereza kikasema “kodi ya baridi”. Mama akadhani nyumba haina cha kupasha joto, na mtu aliyekulia baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba hawezi kulichukulia hilo kirahisi. Kumbe ni kodi tupu ya nyumba, euro 400. Gharama nyingine, yaani maji, taka, usafi wa ngazi na kupasha joto, zilikuwa euro 150, na jumla ya 550 ndiyo wanayoiita kodi ya joto. Hizo 150 ni makadirio tu: kila mwaka hesabu hupigwa upya, mpangaji akaongeza au akarudishiwa. Umeme wa taa na jiko mara nyingi hulipwa kando kabisa. Mzazi anayepanga bajeti kwa kutazama 400 pekee atakuwa amejidanganya.

Kikaja kifungu cha amana. Euro 1,200. Baba akanyamaza. Hizo ni fedha za kuuza kitu.

Lakini Kanuni ya Madai ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1900 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, inasema amana isizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu sawa, la kwanza siku upangaji unapoanza. Kwa hiyo 400, kisha 400, kisha 400. Mkataba ulikuwa umedai yote kwa mkupuo. Kwa watu wa Izia, waliozoea kutoa kodi ya miezi sita au mwaka kabla ya kupewa ufunguo, dai hilo halikuwashtua hata kidogo.

Kuna zaidi. Mahakama za huko zimeshaamua kwamba dhamana zote kwa pamoja zisivuke kiwango kilekile cha miezi mitatu. Mwenye nyumba aliyechukua amana kamili hawezi kudai na mdhamini juu yake. Mambo hubadilika pale mzazi anapojitolea mwenyewe kudhamini bila kuombwa, na wazazi wetu kwa kutaka mtoto apate nyumba haraka wanaweza kufanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Binti alipeleka karatasi kwenye chama cha wapangaji cha mji anaosoma. Vyama hivi vipo katika miji mingi ya Ujerumani, mtu hulipa ada ya uanachama na kupata ushauri wa sheria. Siku nne baadaye mwenye nyumba alikubali amana kwa mafungu matatu, bila mdhamini.

Kilichobaki kubishaniwa ni kifungu cha madirisha. Mkataba unamtaka mpangaji afungue madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, hata wakati wa theluji. Mama alilikataa hilo palepale: mtoto atapata nimonia. Ukweli ni kwamba nyumba za huko zimezibwa sana kuhifadhi joto, na unyevu wa kupika, kuoga na kupumua ukikosa pa kutokea huzaa ukungu ukutani. Ukungu huo huwasumbua wenye pumu, na mpangaji asiyefungua dirisha anaweza kudaiwa gharama za kuuondoa. Nimonia husababishwa na vimelea, si dakika tano za hewa baridi.

“Sawa, afungue,” mama alisema mwishowe. “Lakini avae soksi.”